Jicho la Kushoto

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa bajia kabla hujaifikia safu yangu, usijali. Nitakurudisha haraka.

Mimi ni Fahmi, mzaliwa wa Bondeni, mtoto wa dereva wa lori la taka. Baba alikuwa akizoa uchafu wa kisiwa kizima na kwenda kuumwaga Kibarani. Shuleni Tononoka watoto waliziba pua nikipita. Nikajifunza kuwachekesha kabla hawajanicheka. Mwalimu mkuu nikamuiga, imamu nikamuiga, hata baba na kikohozi chake nikamuiga.

Kikohozi hicho nilikwenda nacho chuo kikuu. Mwaka wa pili, niko bwenini nakohoa kama baba, wenzangu wanagaagaa chini kwa kicheko, telegramu ikaletwa. Baba amefariki. Kifua.

Nikarudi Mombasa kuzika. Digrii yangu iko Nairobi mpaka leo, imesimama nusu kama nyumba ambayo haijaezekwa.

Mengine mwayajua. Jinsi Lennox alivyoniokota mtaani nikiwachekesha watu, akanifanya Bwana Sudi wa mchezo wa televisheni, *Mlango wa Uani*. Jinsi nilivyomuoa Yumna, binti wa Maalim Kamaludin wa Mji wa Kale. Na jinsi yule msichana aliyekuwa akiigiza Zuhura, mke wangu wa mchezoni, alivyoolewa Lamu, akatuacha kwenye mataa katikati ya mchezo.

Leo nawaambia lile nililolikwepa wiki tano.

Lennox, mwongozaji wetu, ni mtu wa Kaloleni, Mkristo wa kanisani kila Jumapili. Wazo lilikuwa lake.

"Mkeo anayajua maneno ya Zuhura yote," akasema. "Si ndiye anayekusikiliza nyumbani ukikariri? Muombe aingie yeye."

"Lennox, babake akilisikia hilo atanisomea Yasini nikiwa hai."

"Kamuulize. Akikataa, amekataa."

Nikaenda. Maalim alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba siku tatu za kufikiri. Siku ya tatu akaniita.

"Mwanangu kuitwa 'mke wangu' na mwanamume ambaye si mumewe, hilo silitaki," akasema. "Lakini kama mume wa mchezoni ni wewe, mume wake wa kweli, ubaya uko wapi? Atavaa buibui lake, atasema maneno yake, atarudi kwake. Sharti langu moja. Asiigize na mume mwengine ila wewe."

Nikambusu mkono. Nikatoka pale natembea kama nimevaa viatu vya mtu tajiri.

Sharti lile lilikuwa la kumhifadhi mtoto wake. Ndilo lililotumaliza.

Kwanza niwape habari ya jicho, maana bila hilo hamtanielewa.

Mwezi wa kwanza wa ndoa yetu nilijipaka maji ya nyanya shingoni, nikalala sakafuni na kisu kando. Yumna akaingia na kapu la sokoni. Alipiga kelele mpaka mtaa mzima ukawa sebuleni kwetu. Nikainuka nacheka. Nilicheka peke yangu.

Usiku hakuzungumza. Asubuhi akaniwekea chai, akasema, "Fahmi, moyo wangu ni mmoja. Nipe alama."

"Alama gani?"

"Ukitaka kunifanyia mzaha, nikonyeze kwanza. Jicho la kushoto. Nikiliona nitajua si kweli, nitatulia. Nisipoliona, nitajua ni kweli."

"Na nikisahau?"

"Utakula kwa Muhdhar."

Muhdhar ni muuza kahawa wa pembeni mwa nyumba yetu. Chakula chake ni kashata tu.

Basi nikakubali. Mimi ni muongo wa mengi, lakini ahadi ile niliishika miaka mitatu. Kila mzaha, jicho la kushoto kwanza. Yeye huliona, huuma mdomo asicheke, kisha husema, "Haya, sema uongo wako."

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne asubuhi. Tulikuwa tukirekodi kwenye nyumba ya kukodi huku huku Mji wa Kale, madirisha yamefungwa, taa mbili zinatuchoma kama samaki. Lennox alikuwa na kanda moja iliyobaki.

Bwana Sudi anamwacha mkewe. Karatasini imeandikwa: *Zuhura, nimekuacha. Nimekuacha. Nimekuacha.* Zuhura analia.

Yumna hakuweza kulia.

Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alinitazama kama mtu anayengoja chai ichemke. Ya tatu akasahau kama ni zamu yake. Ya nne Lennox akavua kofia, akajipangusa uso.

"Mama, binti yangu ana miaka minne, akinyimwa biskuti hulia vizuri kuliko wewe."

Watu wa taa wakacheka. Yumna akainamisha kichwa. Nikauona mdomo wake wa chini unacheza. Namjua. Alikuwa akijiambia kwamba babake alikuwa na haki ya kusita tangu mwanzo, kwamba hapa si mahali pake.

Nilitaka kumtoa pale alipokuwa. Nilitaka acheke, avute pumzi, tuanze upya. Wallahi hakukuwa na zaidi.

Kamera ilikuwa nyuma ya bega langu, inamtazama yeye. Kwangu mimi ilikuwa ikiona shingo na sikio. Uso wangu aliuona Yumna peke yake.

"Haya," akasema Lennox.

Nikamkonyeza. Jicho la kushoto.

Nikasema, "Yumna, nimekuacha."

Sikusema Zuhura. Nilisema Yumna. Na ulimi wangu ukishaanza hauna breki, nikaendelea mpaka mwisho. "Nimekuacha. Nimekuacha."

Hakucheka.

Alinitazama kama ndio kwanza ananiona. Kisha machozi yakamtoka, kimya kimya, mawili kwanza, halafu hayahesabiki. Akaweka kiganja mdomoni.

"Hapo," akasema Lennox kwa sauti ya chini. "Hapo hapo. Tangu nianze kazi hii sijapata machozi kama hayo."

"Lennox, jina nimekosea. Turudie."

"Jina nani atalisikia? Watu watatazama machozi. Halafu kanda imekwisha."

Yumna alikuwa ameshashika buibui lake.

Njiani alitembea mbele yangu hatua tatu. Si kawaida yake. Tulipofika kwenye kona ya Muhdhar akasimama, bila kugeuka.

"Umenitaja, Fahmi."

"Mzaha, bibi wee. Si nilikukonyeza?"

"Nimeona."

Basi. Neno lile moja. Jioni akaniambia mamake anaumwa, anakwenda kulala kwao. Kesho yake hakurudi. Keshokutwa hakurudi.

Siku ya nne nikanunua makomamanga, nikaenda kumjulia hali mgonjwa. Bi Mwanabaraka, mama mkwe wangu, akanifungulia mlango mwenyewe, mikono ina unga hadi viwikoni, amenawiri kama bibi harusi.

"Makomamanga ya nani haya, mwanangu?"

"Yako, mama. Nimeambiwa waumwa."

Akanitazama. Akayatazama makomamanga. "Mimi? Mimi nilikuwa nadhani wewe ndiye una safari, ndipo mwenzio kaja kulala kwetu."

"Naweza kumuona?"

Akaingia ndani. Akakaa huko muda. Aliporudi unga umeshaanza kumkauka mikononi.

"Asema hawezi kutokea mbele yako. Mmegombana?"

"Hatujagombana."

Ni kweli, hatukugombana. Na mpaka hapo, mimi mtu niliyefika chuo kikuu, bado sijaelewa. Yumna alikuwa ameelewa tangu chini ya zile taa. Mtoto wa Maalim yule. Alikuwa ameshaanza kukaa eda, peke yake, bila kumwambia mtu, huku akiomba kwa Mungu Lennox akikate kipande kile.

Lennox hakukikata.

Jumapili saa kumi na moja jioni nikawasha televisheni. Kwetu madirisha huwa wazi saa hizo, na nyumba zimekaribiana hata mtu akipiga chafya hapa anaombewa dua kule. Nikajisikia ninasema, "Yumna, nimekuacha." Nikajisikia kwangu, nikajisikia kwa jirani wa juu, nikajisikia kwa jirani wa mbele, mmoja nyuma ya mwengine, kama niko uchochoro mzima.

Kisha mtu akazima televisheni.

Halafu sauti ya mwanamke, dirisha la mbele. "Amemtaja mkewe. Jamani, huyu amemtaja mkewe."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikakaa chini ya meza, sijui kwa nini chini ya meza.

Magharibi msikitini watu walinipa mkono kama mfiwa. Nikitoka nikapita kwa Muhdhar. Hakunimiminia kahawa.

"Fahmi," akasema, "watu huacha wake zao kwa barua. Wengine hutuma mtu. Wewe umemwacha wako, Malindi wamesikia, Lamu wamesikia."

"Ni mchezo, Muhdhar."

"Mchezo ni wa Zuhura. Huyo Yumna yumo katika mchezo gani?"

Nikaenda zangu bila kahawa.

Asubuhi Lennox akaja mbio, hata kofia hana. Amesikia maneno sokoni.

"Hebu nieleze taratibu. Ile si drama tu?"

"Kwenu mtu akitaka kuacha mke hufanya nini?"

"Kwetu? Wazee hukaa. Hukaa tena. Mwaka unaisha hawajapatana."

"Kwetu ni kauli, Lennox. Mume akisema mara moja, bado ana nafasi. Anaweza kumrejea mkewe kabla eda haijaisha, miezi mitatu. Akisema mara tatu hana nafasi tena. Hamrejei, mpaka mke aolewe na mume mwengine, akae naye kweli, na huyo naye amwache kwa hiari yake."

Lennox akakaa kitako kwenye ngazi.

"Na wewe uliniomba turudie," akasema.

"Niliomba."

"Nikakwambia kanda imekwisha."

Akakaa pale mpaka nikamuonea huruma, nikamwambia si kosa lake. Hilo nalo halikuwa kweli kabisa, lakini lilikuwa karibu.

Baada ya alasiri ujumbe ukaja. Maalim ananiita.

Nikamkuta sebuleni peke yake. Wanafunzi amewarudisha makwao. Kati ya sebule na ndani kuna pazia la kijani, na chini ya pazia nikaona vidole vya miguu, hina ya harusi ya binamu yake imebaki kwenye kucha tu. Yumna alikuwa amesimama nyuma yake.

"Karibu, Fahmi. Keti."

Nikaketi. Kahawa haikuletwa.

"Jana nilikwenda kwa Muhdhar," akasema Maalim. "Ana televisheni nyuma ya duka. Sikumwambia mtu. Umri huu wote sijapata kukitazama kisanduku hicho. Nilitaka kumuona mwanangu."

Akaipangusa miwani yake kwa ncha ya kanzu.

"Anaigiza vizuri," akasema. "Nililia, nikidhani ni mchezo."

Nikatamani anitukane. Hakunitukana. Akavaa miwani, akawa mwalimu.

"Nisikilize sana. Mtu akiyasema maneno ya mtu mwengine, hayo ni masimulizi. Ungesema Zuhura, hata mara mia, nisingekuita hapa. Zuhura si mkeo, huna cha kumwacha. Lakini umemtaja mkeo kwa jina lake, naye yuko mbele yako. Hapo pana njia mbili tu."

"Naam, Maalim."

"Ya kwanza. Ulikusudia kusema Zuhura, ulimi ukateleza ukasema Yumna. Ulimi ulioteleza hauachi mke. Utamchukua mkeo sasa hivi na mwende zenu."

Vidole chini ya pazia vilikuwa vimetulia.

"Ya pili. Ulilitaja jina kwa kupenda, kwa mzaha. Na katika talaka, Fahmi, hilo ulifundishwa chuo cha Kurani ukiwa mdogo na walimu wako, mzaha na kweli ni kitu kimoja. Talaka imepita."

Akaniinamia kidogo.

"Sitakuapisha. Mimi na wewe hatujafika huko. Neno lako litanitosha. Uliteleza, au ulifanya mzaha?"

Mnaonisoma, nyie ni watu wema, mtasema ningesema kweli. Mlikuwa hamjakaa pale. Mlikuwa hamvioni vidole vile.

Nikafikiri: hakuna anayejua. Kamera iliona shingo. Lennox aliona shingo. Watu wa taa walikuwa pembeni. Dunia nzima iliona shingo yangu na sikio langu.

Nimeiga mwalimu mkuu. Nimeiga imamu. Nimeiga kikohozi cha baba yangu akiwa kitandani anakufa. Nikamuiga mtu mkweli, na wallahi sijapata kuigiza vizuri kama siku ile.

"Niliteleza, Maalim," nikasema. "Nilikuwa nimechoka, taa zinatuchoma, tumerudia mara nne. Nilikusudia Zuhura. Jina liliniponyoka."

Maalim akafumba macho. Mabega yake yakashuka, mzee wa watu, kama mtu aliyetuliwa gunia. Akasema Alhamdulillahi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nilijua," akasema. "Mke wangu nimemwambia hivyo tangu jana. Nimemwambia, Fahmi mchekeshaji, lakini hawezi kulichezea jina la mtoto wetu."

Akageuka kwenye pazia.

"Yumna, jitayarishe, mwanangu. Mumeo amekuja kukuchukua."

Hakuna kilichotikisika.

"Yumna?"

"Baba." Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala siku sita. "Muulize tena."

"Nimemuuliza, mama. Amejibu."

"Muulize tena. Mbele yangu mimi."

Maalim akanitazama. Nikalitazama pazia. Alikuwa ananipa nafasi, hilo naliona leo ninapoandika. Alikuwa ameshika mlango uwe wazi ili nipite mwenyewe. Nami nikadhani nikirudia uongo uleule, kwa sauti ileile, atanionea huruma atanyamaza. Si ananipenda.

"Niliteleza, Yumna," nikasema.

Nje mtu alikuwa akipita akiita wanunuzi wa mabuyu. Akapita, akapotelea huko.

"Alinikonyeza, Baba," akasema Yumna.

"Alifanyaje?"

"Kabla hajasema. Jicho la kushoto. Ndiyo alama yetu, akitaka kunifanyia mzaha hunikonyeza kwanza ili nisishtuke. Tumepatana hivyo mwezi wa kwanza. Hajawahi kusahau." Hapo sauti ikamvunjika, akairudisha. "Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe. Angesema, ningejua nina mume, hata kama sinaye. Siwezi kurudi nikalala ndani ya uongo, Baba. Nawe ndiye ungeulizwa na Mungu."

Maalim akauachia mkono wangu. Hakuutupa. Aliuweka juu ya goti langu, polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Hakunitazama tena.

Akakaa, akahesabu kitu kimoyomoyo, midomo yake inacheza. Nilipoona midomo ile nikajua anafikiria nini.

"Yumna," akasema, "nisikilize, mwanangu, na ufikiri kabla hujanijibu. Alisema mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na jina lako. Mbili za mwisho hazikuwa na jina. Mbili hizo zaweza kuwa za Zuhura, maneno ya karatasini. Au zaweza kuwa zako. Hili halijui yeyote ila wewe, maana huyu neno lake sasa siwezi kulichukua."

"Naam, Baba."

"Kama alikukonyeza mara moja tu, mwanzoni, basi mzaha ulikuwa ule wa kwanza. Itakuwa talaka moja. Itauma, lakini akitubu na wewe ukiridhika, anaweza kukurejea. Kama alikukonyeza kila mara..."

Hakumaliza. Hakuwa na haja.

"Jicho, mwanangu," akasema. "Mara ngapi?"

Hesabu naijua mimi. Jicho ni langu. Anaijua na Yumna. Watu wawili tu duniani.

Vidole chini ya pazia vikajikunja, vyote, kama mtu anayesimama kwenye maji baridi. Nikamsikia akivuta pumzi ya kusema.

Nikafumba macho, safari hii yote mawili.